Rivolva ya mashindano imechoka: kosa ni la mtutu au la silinda?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina rivolva ya Smith & Wesson 686 ya .357, mtutu wa inchi 6, niliyoipata kihalali kutoka kwa mzee mmoja wa klabu yetu na kuihamishia kwenye leseni yangu. Imepigwa sana, karibu muda wote kwa .38 Special za vichwa vya ledi (ile metali laini na nzito). Siku hizi kwenye mita 25 matundu yanatawanyika, anayesimama kulia kwangu analalamika kurushiwa chembe za ledi, na nikivuta traiga moja kwa moja bila kukoki kwanza (kuvuta nyundo nyuma kwa kidole gumba), baadhi ya risasi hazilipuki. Wenzangu wananiambia mtutu umekwisha, nitafute mwingine. Ni kweli? (Msomaji, Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Ndugu yangu, mtutu usinunue bado. Kichwa cha ledi cha .38 chenye greni 158 (gramu 10 hivi) hutoka kwa mwendo wa mita 230 hivi kwa sekunde, na mwendo huo hauli mtutu wa chuma cha pua haraka hivyo. Rivolva iliyotumika sana kwenye mashindano huchoka kwanza kwenye silinda na vitu vinavyoishika: kidole kinachoisukuma, meno ya nyuma yake, kizuizi kinachoingia kwenye vishimo vyake, na mkono unaoibeba. Tena dalili zako tatu si lazima ziwe na chanzo kimoja, kwa hiyo usimkubali fundi atakayekupa jibu moja kwa zote kabla hajapima.

Kabla ya kugusa chochote: fungua silinda, hesabu chemba 6 tupu (yale matundu ya kuwekea risasi), na risasi ziwe chumba kingine kabisa.

Anza na usafi, kwa sababu uchafu huiga ubovu vizuri mno. Ledi hujijenga kwenye mdomo wa nyuma wa mtutu, pale kichwa kinaporuka kutoka kwenye silinda. Ikijaa pale, kila kichwa kinachopita hukwaruzwa na chembe hutoka pembeni, hata kama silinda imekaa sawasawa. Safisha kwa brashi ya shaba iliyozungushiwa nyuzi za shaba tupu, pamoja na dawa ya kuyeyusha masizi ya baruti. Nyuzi hizo zijaribu kwanza kwa sumaku, zikinasa ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Stilwaya ya kusugulia masufuria isikaribie mtutu.

Pitisha brashi na kwenye chemba pia. Ganda la .38 Special lina urefu wa milimita 29.3, la .357 Magnum lina 32.8, kwa hiyo mbele ya ganda fupi hubaki pete ya masizi na ledi. Siku utakayotaka kupiga .357 itagoma kuingia mpaka mwisho, na usiisukume kwa nguvu.

Kisha inua nyota inayotoa maganda na uangalie chini yake. Chembe chache za baruti isiyoungua zikikaa pale, nyota hailali, vitako vya risasi vinasogea nyuma na silinda inakuwa nzito kuzunguka. Hii ni ajali ya kawaida ya wapiga mashindano, maana kwa haraka ya kujaza upya wanasukuma fimbo ya kutolea maganda mtutu ukiwa umelala. Mtutu uelekee juu, sukuma fimbo mara moja kwa nguvu, maganda na baruti vyote vianguke chini. Hapo hapo jaribu kama fimbo hiyo imelegea. Ikifunguka kidogo huwa ndefu, na silinda inakataa kufunguka. Kwa Smith & Wesson za kuanzia miaka ya 1960 uzi wake ni wa kinyume: hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Wengi huizungusha upande wa kawaida wakidhani wanakaza.

Baada ya kusafisha, pima mlingano wa silinda, yaani kama kila chemba hufika nyuma ya mtutu na kufunga kwa wakati. Weka maganda 6 yaliyokwisha pigwa, au risasi bandia za mazoezi. Usipime chemba zikiwa tupu, kwa sababu kwenye silaha iliyochoka nyota hucheza kidogo na maganda ndiyo yanayoishika mahali pake, hivyo utaona kosa ambalo halipo. Ziandike chemba namba 1 hadi 6 kwa kalamu ya wino mzito. Gusa silinda kwa kidole, kwa kuikwamisha kidogo sana, halafu koki nyundo polepole. Kizuizi kinatakiwa kilie "tik" na kuingia kwenye kishimo chake kabla nyundo haijafika mwisho. Nyundo ikishikilia wakati silinda bado haijafunga, chemba hiyo imechelewa. Rudia kwa kuvuta traiga taratibu bila kukoki, maana njia hizo mbili hazitoi jibu lile lile kila mara.

Soma matokeo hivi. Chemba moja au mbili tu zikichelewa, jino lake la nyuma limelika. Zote 6 zikichelewa, kidole kinachosukuma ndicho kimekwisha, na hiyo ni nafuu kwako kwa sababu kidole hubadilishwa kwa kingine kinene kidogo na kazi inaisha. Meno yakilika hubadilishwa nyota nzima, na hiyo lazima ichongwe ikae kwenye silinda yako mwenyewe. Tazama pia vishimo vya pembeni mwa silinda. Kuvuta traiga kwa kasi huizungusha silinda nzito kisha huisimamisha ghafla, na kila mara kizuizi hugonga ukuta wa kishimo. Kingo zikivimba kama uyoga, silinda itacheza kulia na kushoto hata ikiwa imefunga. Mchezo mdogo ni wa kawaida kwa Smith & Wesson. Ukiona mdomo wa chemba unahama kwa macho, hapo ndipo ledi yako inaponyolewa.

Sasa chukua fila, vile vibati wanavyopimia tapeti mafundi wa magari. Sukuma silinda nyuma kabisa, pima pengo kati yake na mtutu. Isukume mbele, pima tena. Pengo la milimita 0.15 hadi 0.25 silinda ikiwa nyuma halina shida. Likipita 0.30, moshi na chembe vitazidi na jirani yako ana haki ya kulalamika. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mchezo wa mbele na nyuma: 0.05 ni nzuri, ikipita 0.10 itengenezwe. Tiba yake ni washa (pete bapa) nyembamba za milimita 0.05 ndani ya silinda, mwisho wa mkono unaoibeba. Kazi ndogo, lakini ifanywe na anayejua kusawazisha uso wa mkono kabla ya kuweka washa.

Mchezo huo ndio unaotupeleka kwenye risasi zisizolipuka. Pini ikigonga fataki (kile kidonge kwenye kitako cha risasi kinachowasha baruti) huku silinda ina nafasi ya kukimbilia mbele, sehemu ya pigo hupotea. Ila mimi ningeshuku springi ya nyundo kwanza, kwa sababu umesema tatizo huja ukivuta bila kukoki. Kwa njia hiyo nyundo hurudi nyuma umbali mfupi zaidi kuliko ukikoki, kwa hiyo huanguka na nguvu ndogo, na springi dhaifu hujionyesha hapo mwanzo. Toa vibao vya mpini. Upande wa mbele wa mpini, chini, kuna skrubu inayokaza springi hiyo, ambayo ni bapa. Wapiga mashindano hupenda kuilegeza ili traiga iwe laini, na wengine huikata ncha. Inatakiwa iwe imekazwa mpaka mwisho. Ikiwa imekazwa na bado risasi zinagoma, weka springi na skrubu mpya za kiwandani kabla ya kulaumu kingine. Silaha ya kazi laini sana inayokosa risasi moja kati ya 30 haina faida kwenye mashindano.

Ziangalie na fataki zilizogoma. Alama yenye kina kifupi inamaanisha pigo dhaifu. Alama yenye kina cha kutosha, na risasi ikalipuka kwa pigo la pili, mara nyingi fataki haikusukumwa mpaka mwisho ilipotengenezwa. Uwanjani risasi ikigoma, shikilia mtutu kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua.

Jambo moja zaidi kwa modeli yako. Fungua silinda usome namba iliyopigwa kwenye fremu. Kama ni 686 bila nyongeza au 686-1, tafuta herufi M karibu na namba. Mwaka 1987 kiwanda kiliita silaha hizo kwa marekebisho, kwa kuwa baadhi ya risasi za .357 zilifanya fataki kuingia kwenye tundu la pini na kuikwamisha silinda. M inaonyesha imekwisha rekebishwa.

Vumbi la Dodoma, hasa Juni hadi Oktoba, huchanganyika na mafuta mengi na kuwa tope linalosaga kidole na meno yale yale tuliyoyazungumza. Tone moja kwenye mkono wa silinda, tone moja kwenye fimbo, futa kinachobaki. Usimwagie mafuta ndani ya mashine, na usihifadhi silaha kwenye mfuko wa ngozi.

Kwa kubadilisha kidole, nyota au washa, nenda kwa fundi wa silaha mwenye leseni ukiwa na leseni yako. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haichezewi, na fundi wa kuchomelea mageti, hata awe hodari vipi, si mtu wa kuachiwa bastola.

Kabla hujaenda, fanya jaribio moja uwanjani. Weka mikono juu ya mfuko wa mchanga, mita 25, koki kila risasi, na piga risasi 5 kutoka kila chemba kwenye karatasi yake: chemba namba 1 karatasi namba 1, hivyo hivyo hadi 6. Kama karatasi 5 zimekusanya na moja imetawanya, umempatia fundi chemba ya kuanzia. Zote zikitawanya, kagua kwanza skrubu za kilengeo cha nyuma na ukingo wa mdomo wa mbele wa mtutu, kama una alama ya kugongwa. Vyote vikiwa safi, silinda inafunga vizuri, pengo liko sawa, na bado zinatawanya, basi hapo ndipo tuanze kuzungumzia mtutu.