Maswali Yenu: Seva Ibaki Ofisini au Ihamie Wingu?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Mombasa, na karibu zote zinauliza kuhusu kutoa data na programu za biashara kwenye kompyuta ya ofisini na kuziweka kwenye seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, ndizo zinazoitwa wingu. Tumezifupisha barua hizo na kuondoa majina.

Assalaam aleikum. Ofisi yetu ya uwakala wa forodha iko Shimanzi, tuko watu 14. Seva yetu ina miaka sita na imekaa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi. UPS inalia kila stima ikipotea, na juzi fundi alipotoa kadi za kumbukumbu, miguu yake ilikuwa na kijani. Mmoja anatuuzia seva mpya, mwingine anasema twende wingu. Tuna kama gigabaiti 600 za hati zilizoskaniwa. — Wakala, Shimanzi

Waaleikumu salaam. Kijani hicho ni kutu ya shaba. Chumba kikiwa baridi halafu stima ikapotea, hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi huingia na kutua kwenye bodi ambazo hazijapata joto. Seva mpya mkiiweka kwenye chumba hicho hicho nayo italika vivyo hivyo. Betri za UPS nazo zimeundwa kwa joto la nyuzi 25 hivi. Joto likizidi hapo kwa nyuzi 10, umri wake hupungua karibu nusu.

Kabla ya kulinganisha bei, pigeni hesabu ya stima, maana wauzaji wa pande zote mbili huiruka. Seva ya wati 300 inayowaka usiku na mchana hula yuniti 7.2 kwa siku, yaani 216 kwa mwezi. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huvuta kama kilowati moja kompresa ikizunguka. Ikizunguka nusu ya siku tu, hizo ni yuniti 360 kwa mwezi. Kumbe kuipoza seva kunakula zaidi kuliko kuiwasha. Zidisheni hizo 576 kwa bei mnayonunulia yuniti, ongezeni betri za UPS, malipo ya fundi, na bei ya seva mpya ikigawanywa kwa miezi 60. Hapo sasa iwekeni kando ya bili ya wingu. Kwa ofisi ambayo kazi yake ni hati na barua pepe, na ambayo mfumo mkuu wa forodha, iCMS, tayari inauingia kupitia intaneti, sisi tungehama.

Ila msihame kwa mkupuo. Anzeni na barua pepe, zifuate nakala za akiba, kisha hati, na programu ya uhasibu iwe ya mwisho. Kuhusu hizo gigabaiti 600, ulizeni kasi ya kupakia, si ile ya kupakua inayoandikwa kwenye mabango. Megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo mzigo wenu ni kama saa 67. Mkipakia usiku tu, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, ni usiku sita kwenye karatasi. Wekeni nane, kwani laini haikai kwenye kasi yake ya juu muda wote. Baada ya hapo rudieni kupakia yale mafaili yaliyobadilika peke yake. Siku ya kuhama yenyewe iwe Jumamosi mchana, makarani wakiwa wamefunga kazi.

Panapokwama mara nyingi ni kwenye kusawazisha (sync), yaani kompyuta na wingu kuweka mafaili yale yale. Kila karani akifunguliwa folda zote, kila kompyuta itajaribu kuvuta hati zote, na laini itajaa hadi barua pepe zisitoke. Kwa OneDrive, hifadhi ya wingu ya Microsoft, wao wenyewe wanashauri msizidi mafaili 300,000 ya kusawazisha, na ofisi ya forodha hufika huko bila kujua: kila tamko lina ankara, hati ya meli, orodha ya vifurushi na risiti zake. Gaweni hati kwa mwaka. Mwaka huu na uliopita visawazishwe, iliyobaki isomwe kwenye kivinjari. Angalieni pia folda zilizoingizwa ndani ya folda, kwani jina zima la njia likizidi herufi 400, faili halipandi.

Seva ya zamani msiiuze wiki hiyo hiyo. Iacheni siku 30 ikiwa ya kusomwa tu, bila mtu kuandika humo, kisha diski zake zifungieni kabatini pakavu. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zikae miaka mitano.

Nina duka la vipuri Mwembe Tayari na matawi Changamwe na Kongowea. Fundi alipeleka faili la stoo kwenye seva iliyoko Johannesburg ili matawi yote yaone mzigo mmoja. Programu yenyewe, ya kitambo, imebaki kwenye kompyuta za kaunta. Sasa kufungua orodha ya bidhaa ni dakika nzima na wateja wanasimama. Nimeambiwa niongeze kasi ya intaneti. — Mwenye duka, Mwembe Tayari

Usiongeze, Bwana, utalipa zaidi na dakika itabaki dakika. Tatizo lako ni umbali. Programu za namna hiyo zilitengenezwa zikijua faili liko chumba cha pili, kwa hiyo huuliza swali dogo, hungoja jibu, huuliza jingine. Kufungua orodha moja kunaweza kuwa maswali elfu moja. Kwenye waya wa dukani swali na jibu lake ni nusu ya milisekunde, jumla nusu sekunde. Chukua milisekunde 60 kwenda na kurudi Johannesburg: mara elfu moja, sekunde 60. Ndiyo dakika yako hiyo. Laini pana haipunguzi safari hata moja.

Hakikisha mwenyewe. Kwenye kompyuta ya kaunta fungua dirisha la amri, andika ping, nafasi, kisha anwani ya seva, na usome muda unaorudi. Ukiwa juu ya milisekunde 10, programu ya faili la pamoja itakusumbua, hata ulipie faiba ya bei gani.

Programu na faili lake vikae mahali pamoja, vyote viwili kwenye seva ya kukodi, na kaunta ione skrini tu. Maswali elfu moja yatabaki ndani ya seva. Kinachosafiri ni picha ya skrini na vibonyezo. Printa ya risiti ndiyo itakayokutoa jasho, kwa sababu seva iliyo mbali haiijui. Fundi aweke kiendeshi (driver) chake kule na kuruhusu printa za kaunta zipite, na ajaribu risiti 20 mfululizo kabla ya siku ya kwanza ya kuuza. Ukiwa na uwezo, badilisha programu kabisa, uchukue iliyotengenezwa kwa kivinjari tangu mwanzo.

Jambo moja lisilo na mjadala: fundi asiuache mlango 3389 wa seva hiyo, ule wa kuingilia skrini yake kutoka mbali, wazi kwa intaneti yote. Kuna programu zinazozunguka dunia zikiutafuta huo na kujaribu nywila usiku kucha. Wakiingia, wanayafunga mafaili na kudai fidia. Kaunta zipitie VPN kwanza, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, na kila anayeingia athibitishwe mara mbili kwa programu ya simu. Msitegemee namba ya siri inayotumwa kwa SMS, maana laini ya simu huibwa kwa kubadilishiwa kadi.

Je, kuweka mafaili ya duka kwenye Google Drive ni sawa na kuwa na nakala ya akiba? — Mama wa vitambaa, Biashara Street

Hapana, Mama. Kilichofutwa kwenye kompyuta kinafutika na kule, na kapu la taka la Drive humwagwa baada ya siku 30. Nakala ya akiba ni ile ambayo kosa la leo haliigusi. Kuwa na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae jengo jingine. Diski ya nje inayochomolewa kila Ijumaa na kupelekwa nyumbani inatosha kuwa hiyo ya tatu. Wingu nalo huungua: Machi 10, 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, na kuna wateja ambao data zao hazikupatikana tena.

Mimi ni meneja wa hoteli Bamburi. Tulihamisha mfumo wa kuweka vyumba tukiambiwa bili haitazidi dola 300. Imekuwa ikipanda na kushuka, na hatujaongeza chumba hata kimoja. — Meneja

Anza na dola. Januari 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160. Baadaye mwaka huo ikatulia karibu na 129. Dola 300 zile zile ni shilingi 48,000 hapo kwanza na 38,700 hapo pili. Bajeti ya wingu iandikwe kwa dola, pembeni pawe na shilingi zenye nafasi ya kupanda.

Kisha ingia kwenye ukurasa wa malipo, panga kwa aina ya huduma, utafute masalia. Mashine ikizimwa, malipo ya kichakataji husimama lakini diski yake huendelea kulipiwa. Mashine ikifutwa, diski inaweza kubaki. Picha za diski (snapshot), yaani nakala za diski nzima, zinazochukuliwa kila siku bila tarehe ya kufa hurundikana. Kwa wingu la Amazon, tangu Februari 2024 kila anwani ya umma ya IPv4, ile namba ya mashine kwenye intaneti, hulipiwa dola 0.005 kwa saa, kama dola 3.65 kwa mwezi, iwe inatumika au imelala. Halafu kuna data inayotoka: kuingiza ni bure, kutoa kunalipiwa kwa gigabaiti. Picha za vyumba za megabaiti nane kila moja, zikivutwa na kila mgeni anayetazama tovuti, ndizo mara nyingi zinazoirusha bili msimu wa Desemba. Zipunguzeni hadi kilobaiti 200.

Wekeni onyo la bajeti kwenye asilimia 50, 80 na 100. Mjue tu kwamba onyo hutuma barua pepe, halizimi kitu. Mkishajua mashine ambayo haizimwi mwaka mzima, hiyo ndiyo ya kuifungia mkataba wa mwaka mmoja wenye punguzo. Msiufunge miezi mitatu ya mwanzo.

Nina zahanati Likoni yenye wafanyakazi sita. Naruhusiwa kuweka faili za wagonjwa kwenye seva za nje ya nchi? — Muuguzi

Dada, unaruhusiwa kwa masharti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti: kuzishughulikia nje ya Kenya kunahitaji ridhaa ya mgonjwa na uthibitisho kwamba kuna ulinzi unaofaa. Kwa hiyo fomu ya usajili wa mgonjwa iwe na sehemu yake ya kusainiwa, kwa Kiswahili, isiyofichwa kati ya mistari mingine. Biashara ndogo, chini ya wafanyakazi 10 na mapato chini ya shilingi milioni 5, husamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, ila msamaha huo hauwafikii watoa huduma za afya. Wala hoteli, tukiwa hapo. Cheti hudumu miezi 24.

Uwe na mkataba wa maandishi na mwenye seva. Data ikivuja, yeye anatakiwa kukuarifu ndani ya saa 48, na wewe umwarifu Kamishna ndani ya saa 72 tangu ujue. Ukiona masharti ni mengi, tafuta mtoa huduma anayehifadhi nchini. Vituo vya data viko Nairobi na hata hapa Mombasa.

Nyaya za baharini zikikatika, si biashara yote inasimama? — Muuzaji wa jumla, Marikiti

Zinakatika kweli. Mei 12, 2024 EASSy na Seacom zilikatika siku moja karibu na Afrika Kusini na intaneti ya Kenya ikazorota. Mombasa ina nyaya nyingine, kama TEAMS na LION2, kwa hiyo kukatika kabisa ni nadra kuliko kuburuta. Kwenye duka, anayekukatia zaidi ni mchimba mtaro au stima.

Kuwa na laini mbili zisizofanana, faiba na 4G kwa mfano, kwenye rauta inayohamia laini ya pili yenyewe ya kwanza ikikatika. Kampuni mbili za faiba zinaweza kuwa zinapita nguzo moja, uliza kabla ya kulipa. UPS ndogo ya volti 12 inaishikilia rauta na kisanduku cha faiba kwa saa kadhaa, mradi vifaa vya mtaani navyo vina stima. Kwa ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, mwambie mtengenezaji wa programu yako akuunganishe kwa VSCU, njia iliyokusudiwa wasiokuwa mtandaoni wakati wote. Njia nyingine, OSCU, inataka laini muda wote. Na mara moja kwa mwezi, saa ambayo wateja ni wachache, chomoa waya wa faiba na uhesabu sekunde hadi kaunta irudi. Zikizidi 60, mwite fundi.