Maswali yenu: hedifoni mpya zinazobana na besi iliyopotea

Safari hii karibu maswali yote yanahusu jambo moja: mtu kajichanga, kanunua hedifoni za bei, kazivaa, hajazipenda. Twende.

Nilizoea hedifoni za Bluetooth zenye besi ya kutikisa kichwa. Sasa nimenunua Sennheiser HD 600 na muziki umepooza kabisa. Nimeuziwa feki? – Msomaji, Dodoma

Feki zipo, ila ulichoeleza ndivyo HD 600 zilivyo tangu zilipoingia sokoni mwaka 1997. Mgongo wake ni wavu, hewa inapita, kwa hiyo besi ya chini kabisa haijazani sikioni kama kwenye hedifoni zilizozibwa. Zile zako za zamani zilikuwa zinaongezewa besi kwa makusudi, na ubongo wako ukaichukulia kuwa ndiyo kawaida.

Ubongo hujifunza upya. Mwaka 1998 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu waliwekewa vipande vya kubadili umbo la sikio la nje. Mwanzoni walishindwa kujua kama sauti inatoka juu au chini. Wiki zilivyosonga, uwezo ule ukarudi. La kushangaza zaidi, vipande vilipotolewa hawakuhangaika: masikio yao ya asili yalifanya kazi kama kawaida.

Kwa hiyo ziweke kando zile za zamani kwa wiki moja. Sikiliza sauti za watu kwanza, halafu taarab yenye kanuni na fidla; singeli itasubiri. Wiki ikiisha, rudia za zamani kwa dakika kumi. Mara nyingi hapo ndipo mtu anagundua kwamba besi ilikuwa imewafunika waimbaji. Ukiona bado moyo uko kule kule, basi wewe ni mtu wa besi, na hakuna anayekudai maelezo.

Angalizo moja: besi ikipungua, mkono hukimbilia kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwenye desibeli 90 zinabaki saa 4 tu.

Muuzaji ameniambia nizichezeshe saa 200 ndipo "zifunguke". Nisubiri? – Msomaji, Mwanza

Usisubiri. Mmarekani Tyll Hertsens, aliyepima hedifoni kwa miaka mingi, alizifuatilia kwa vipimo AKG Q701 mpya huku zikichezeshwa. Tofauti aliiona, lakini ilikuwa ndogo mno. Kinachobadilika kweli ni sponji: zikilainika, spika inasogea karibu na sikio na sponji inaziba vizuri zaidi pembeni. Hilo linatokea ukizivaa, siyo zikipiga peke yake mezani usiku kucha.

Halafu piga hesabu. Saa 200 ni zaidi ya siku nane mfululizo. Kama duka linapokea bidhaa ndani ya wiki moja, ushauri huo unamfaa nani?

Zinanibana mpaka taya linauma, na navaa miwani. – Msomaji, Nakuru

Ziache usiku zimepanuliwa juu ya boksi lake au vitabu vilivyopangwa, upana wake uzidi kichwa chako kidogo tu. Asubuhi jaribu, usiku rudia. Kama upinde wa kichwani una bamba la chuma, unaweza kuuvuta bamba likatokeza, ukalikunjua taratibu kwa vidole. Chuma tu. Ukikunja plastiki utasikia "ka!", na biashara imeishia hapo. Usizilegeze kupita kiasi pia, maana sponji isiposhika vizuri besi inaondoka.

Miwani nayo ina mchezo huo huo, hasa kwenye hedifoni zilizozibwa: mkono wa fremu unainua sponji na kuacha upenyo. Piga wimbo wenye besi, kisha kandamiza vikombe vyote viwili kwa viganja. Besi ikifura ghafla, kuna mahali panavuja. Fremu yenye mikono myembamba inasaidia kuliko kubadilisha hedifoni.

Joto la huku na sponji za ngozi bandia ni jasho tupu. – Msomaji, Mombasa

Tafuta za mahameli za modeli hiyo hiyo, ila kwenye hedifoni zilizozibwa tegemea besi kupungua kidogo. Ukibaki na za ngozi, zifute jasho kila ukimaliza na usizianike juani; zitaanza kubanduka.

Nina Beyerdynamic DT 990 Pro za omu 250. Kwenye simu sauti ni ndogo, na herufi "s" inanichoma. – Msomaji, Arusha

Hayo ni mambo mawili. Omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme, na omu 250 zinahitaji volti ambazo simu nyingi hazina. Amplifaya ndogo ya mezani inatosha, usiingie gharama za kifahari. Mchomo wa "s" amplifaya haitauondoa. Modeli hiyo ina mwinuko mkali kwenye sauti nyembamba, karibu na kilohezi 8, ndivyo ilivyotengenezwa. Ingia kwenye ikwaliza (sehemu ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba), shusha hapo desibeli 3 au 4. Wapo watakaokwambia unaharibu sauti halisi. Waache na "s" zao.

Mwezi umepita na bado sizipendi. – Msomaji, Kampala

Ziuze. Mwezi ni muda wa kutosha kwa masikio, na mnunuzi atakupa bei nzuri sponji zikiwa bado safi na boksi lipo. Kabla ya kununua nyingine, nenda dukani na simu yako na nyimbo tatu unazozijua vizuri, uzivae nusu saa bila kuzivua. Muuzaji akinuna, nenda duka la pili.