Usipite kushoto kwa daladala, hata kama imesimama

Mkuu, subiri kwanza. Maswali yako ya baiskeli, gia ngapi, mtumba wa Japan au mpya ya dukani, na jasho ukifika ofisini, tutayafikia. Mimi nimekwama pale ulipoandika kwamba unataka kuacha daladala, uwe unatoka Segerea hadi Kariakoo kwa baiskeli, na kwamba "foleni ikikaba nitajipenyeza kushoto kwa daladala, mbona huwa pako wazi". Nimeweka chai chini.

Pako wazi kwa sababu ndipo watu wanaposhukia!

Njia hiyo naijua vizuri. Ukitoka Tabata unaingia barabara ya Mandela, unajichanganya na malori ya bandarini mpaka Buguruni, halafu unashika barabara ya Uhuru hadi Karume. Kwenye malori sina wasiwasi na wewe, kwa sababu lori mtu analiogopa mwenyewe bila kufundishwa. Balaa lako liko Uhuru, kwenye zile daladala za Coaster ulizozizoea, ambazo umepanda tangu unasoma na unadhani mnajuana.

Mimi yalinikuta Ilala Boma, asubuhi, foleni imesimama. Mbele yangu Coaster imesimama kwenye njia yake, haijaingia kituoni, maana kuna nyenzake mbili zimejaa pale mbele. Kati yake na ukingo wa barabara pana nafasi ya baiskeli kupita bila hata kukunja viwiko. Nikapiga kengele, nikaingia. Madirisha yalikuwa wazi na abiria mmoja akaita "shusha hapo!", nikamsikia kabisa, ila sikuona kama linanihusu. Konda akaruka chini kabla gari halijafika popote. Nyuma yake akashuka mama mwenye trei mbili za mayai. Sekunde hiyo hiyo ile Coaster ya mbele ikaondoka, na suka wangu, yaani dereva wa hii ya pembeni yangu, akachomekea kushoto kuwahi nafasi. Indiketa ya nini? Anaenda kituoni, kila mtu anajua anaenda kituoni, isipokuwa mimi niliyekuwa usawa wa tairi lake la nyuma.

Kulia bati linanisogelea, mbele konda na mama, kushoto mtaro. Nikachagua mtaro. Kwa bahati mbaya njiani kuelekea mtaroni kulikuwa na mayai.

Sasa sikiliza hesabu. Mtulinga umevunjika. Rimu ya mbele imekunjika, uma wa mbele umepinda, fundi akaniambia ninunue tu baiskeli nyingine. Mayai nimelipa yote, pamoja na yale ambayo hayakupasuka, kwa sababu umati ulishaamua. Na mimi ni fundi simu, kazi ya mikono miwili na macho. Mkono wa kulia umening'inizwa shingoni, unadhani wateja watakusubiri? Walihamia kwa jirani yangu na wengine hawakurudi mpaka leo. Hiyo ndiyo gharama kubwa, si hospitali. Nilinuka chipsi mayai bila chipsi, na bado nikafunga duka.

Halafu trafiki akaja. Akauliza swali moja tu: ulikuwa unapita wapi? Nikasema kushoto. Akamtazama dereva, akamruhusu aende. Coaster haikuwa imenigusa hata rangi. Nilitaka sana kumlaumu suka, na bado namlaumu kidogo kidogo wikiendi, lakini angenionaje? Yeye amekaa kulia. Upande wa kushoto ana kioo tu, na kioo chenyewe konda amekiziba kwa mgongo akining'inia mlangoni. Konda ndiye jicho lake la kushoto, na jicho hilo linatafuta abiria, halitafuti wewe.

Ninayemwekea kinyongo ni yule bwana wa kundi la waendesha baiskeli nililojiunga nalo nilipoanza. Yeye ndiye aliyetufundisha: kaa kushoto kabisa, ukingoni, na foleni ikisimama penya kushoto kwa magari, ndiyo raha ya baiskeli. Alisema kwa uhakika, nikamwamini, ana kofia ya bei mbaya na kaptula ya kubana yenye godoro matakoni. Baadaye nikagundua anaendesha Jumapili alfajiri tu, barabara ya Bagamoyo kuelekea Bunju, wakati daladala nyingi bado zimelala! Hajawahi kukutana na konda katika maisha yake ya baiskeli. Nilipomwambia yaliyonipata akanijibu kwamba "sheria inasema kushoto". Ndiyo, Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inatutaka wote tupite kushoto kwa barabara. Haijasema ujiingize kati ya basi na kituo chake.

Kwa hiyo, mdogo wangu, basi likiwa mbele yako, iwe linatembea, linasita au limesimama tuli, wewe kaa nyuma yake. Usimng'ang'anie kwenye bampa, acha nafasi mpaka uone kioo chake cha pembeni, maana usipokiona naye hakuoni. Ukisikia "shusha", au konda anagonga bati, au ametoa mkono nje, jua gari linakwenda kushoto muda wowote. Ukiona limetulia kweli na watu bado wanapanda, pita kulia, lakini geuza shingo kwanza utazame bodaboda wanaotanua, kisha pita mbali kidogo na ubavu wake na usirudi kushoto mpaka umeiacha pua yake nyuma yako. Kulia hakupitiki? Basi hupiti. Unakaa pale unavuta moshi kama wanaume wenzako.

Kwenye kona ndiyo usiniambie kitu. Basi refu likikata kona kushoto, tairi za nyuma hazifuati za mbele, zinakata ndani zaidi, hapo hapo ulipojibana wewe ukidhani dereva amekuachia nafasi. Yale ya mwendokasi yenye kiungo katikati yana mita 18. Na kwenye barabara yao usiingie hata kama ni tupu na bodaboda wanapita. Tangu yaanze 2016 madereva wake wamezoea kukimbia kwa sababu mbele yao hawategemei mtu.

Ulikuwa umeuliza nini tena? Gia. Njia yako haina mlima wa maana, waulize wakuu wengine, mimi baiskeli yangu ya pili ni ya mtumba, ina breki mbili zinazoshika na hizo ndizo nilizozikagua dukani. La jasho ofisini sijui, dukani kwangu tunatoka jasho wote.

Ukifika Ilala Boma pamekaba kila upande, shuka, sukuma baiskeli juu kwa waenda kwa miguu mpaka uvuke kituo. Wapiga debe watakucheka. Wacheke tu, ndio walionitoa mtaroni.