Baba kunyamaza na kusahau baada ya mshtuko wa moyo
Si uzee tu ndugu yangu, na msikimbilie kusema ni shetani. Moyo ukishaugua, huzuni na mawazo huifanya amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, isitulie. Kortisoli, homoni ya msongo wa mawazo, ikikaa juu, kumbukumbu hulegea, na kuta za mishipa ya damu nazo huweza kuvimba. Utafiti wa watu 293 kwenye jarida la Lancet, 2017, uliona amigdala ikichemka sana, hatari ya maradhi ya moyo huzidi. Kliniki hapa Malindi nawaona: mzee ameacha baraza, kahawa inapoa mbele yake, vidonge anaruka. Mwelezeni daktari hiyo huzuni waziwazi, msimnunulie dawa kiholela. Baadhi hazifai kwa moyo. Ila akichanganyikiwa ghafla au mdomo ukienda upande, huenda ni kiharusi, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.