Lupanga ukitokea Dar mwezi wa kumi: panda kwa siku moja, ila usiku wa kabla lala Morogoro

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama wewe na shemeji mnaweza kutoka Tabata alfajiri, mkapanda Lupanga na kurudi kulala nyumbani usiku huo huo, kama mwezi wa kumi unafaa, na kama mtoto wa miaka 9 aende nanyi. Wengi wamekujibu nendeni tu, treni ipo. Mimi nakaa Kimara, huo mlima nimeupanda ukiwa mkavu na nimeupanda umelowa, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo. Ukisimama Morogoro mjini unauona uko pale tu juu ya nyumba za watu, na hapo ndipo watu wa Dar wanapoudharau.

Mji uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kwenye milima ya Uluguru, ni mita 2,138. Hata bajaji ikikusogeza mpaka inapoishia barabara, bado unabaki na mwinuko mrefu, na njia haizunguki zunguki. Inapanda moja kwa moja. Wengi wanatumia saa 6 hadi 8 kwenda na kurudi, na hao ni wenye pumzi.

Sasa chukua treni uipigie hesabu. Tangu SGR, ile reli mpya ya kisasa, ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, zile kilomita 205 zinakwisha ndani ya saa mbili hivi, na foleni za Kibaha na Mlandizi tumezisahau. Raha tupu. Lakini ukishuka saa 2 asubuhi, stesheni haipo katikati ya mji. Tafuta bajaji, pitia kibali, kutana na mwongozaji, nunua maji. Mpaka mguu wa kwanza unakanyaga njia ya mlima ni saa 4, na kileleni utafika saa 8 mchana kama hakuna aliyechoka. Jua linazama saa 12 na kitu, na ndani ya msitu giza linatangulia. Hapo utashuka kwa haraka, na kushuka ndiko kunakoumiza watu Lupanga.

Kwa hiyo pandeni treni Ijumaa jioni, mlale mjini, Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi muwe mnatembea. Nyumba za wageni za bei ya kawaida zipo tele. Jioni ya Jumamosi mkijisikia vizuri mnarudi Dar, msipojisikia mnalala tena.

Jambo la pili, ambalo naona ndilo kubwa kuliko yote: kabla hamjaanza, kubalianeni saa ya kugeuka. Mimi naiweka saa 6 na nusu mchana. Ikifika, popote mlipo mnageuka, hata kama mwongozaji anasema kilele kiko hapo mbele. Mliseme hilo mkiwa bado chini, mkiwa na akili timamu na miguu mizima, maana ukishatoka jasho kwa saa nne hutaki kusikia habari ya kurudi.

Kuhusu kushuka niseme vizuri. Nusu ya chini ni mashamba: migomba, mihogo, maharage, yamelimwa kwenye miteremko ambayo mtu wa Dar hawezi hata kusimama sawasawa. Utapishana na akina mama wa Kiluguru wamebeba ndizi kichwani kuelekea soko la Chifu Kingalu, na wanakusalimia bila kuhema. Wapishe, wao ndio wenye mzigo. Baada ya mashamba unaingia msitu wa hifadhi, na huko njia ni mizizi. Mizizi imelala ya kupishana kama ngazi iliyofumwa vibaya, katikati yake udongo mwekundu, na mahali penye mwamba kuna utelezi wa kijani hata wakati wa kiangazi. Wakati wa kupanda unashika mzizi kwa mkono unajivuta. Wakati wa kushuka mzizi ule ule uko chini ya soli yako, umelala kwa mlalo wa mteremko, na ndio unaokupeleka. Kanyaga kati ya mizizi, si juu yake. Geuka uangalie mlima na ushuke kinyumenyume pale penye ukali, hakuna aibu. Wale waongozaji utawaona wanashuka na yeboyebo. Usiwaige, wamezaliwa pale. Na kata kucha za miguu siku mbili kabla, kwa sababu kwenye kushuka vidole vinagonga mbele ya kiatu kwa saa tatu mfululizo.

Mwezi wa kumi? Mwanzoni mwake, ndiyo. Kuanzia Juni mpaka Septemba ndiyo salama zaidi. Oktoba mvua za vuli zinaanza kunukia, na milima ya Uluguru inakinga mawingu yanayotoka baharini kabla hayajafika kwingine. Morogoro mjini inaweza kuwa vumbi na huku juu pamelowa. Muulizeni mwongozaji kwa simu siku ya Alhamisi: je, mvua imenyesha juu wiki hii? Akisema ndiyo kwa siku mbili mfululizo, ahirisheni. Masika msithubutu kabisa.

Hata siku kavu, asubuhi huwa wazi na mchana ukungu unapanda. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanza mapema. Tena sehemu kubwa ya safari uko chini ya miti, kwa hiyo mandhari utayaona kwa vipande vipande; aliyekuahidi kilele cha mwamba mtupu cha kupigia picha pande zote hakukutendea haki. Utamu wa Lupanga ni msitu wenyewe. Hii ni sehemu ya milima ya kale iitwayo Tao la Mashariki, kuna ndege na mimea isiyopatikana kokote duniani isipokuwa humu. Na Mto Ruvu unaanzia kwenye milima hii. Maji ya bombani kwako Tabata asili yake ni ukungu ule utakaokulowanisha shati. Mimi kila nikikumbuka hilo nashindwa kumwelewa mtu anayeacha chupa ya plastiki kule juu.

Kibali ni lazima, ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania; mkiwahi kufika mchana, pitieni ofisini kwao Ijumaa kabla hawajafunga, la sivyo mwongozaji awashughulikie mapema. Msiende bila mwenyeji. Njia za wakata kuni zinachepuka kila mahali.

Mizigo: maji lita 3 kila mtu, mayai ya kuchemsha, ndizi, chumvi kidogo, tochi hata kama mna uhakika wa kurudi mapema. Sweta au koti jepesi la mvua, kwa sababu juu kuna baridi ya nyuzi karibu 10 pungufu ya mjini na mgongo wako utakuwa umelowa jasho. Viatu vyenye meno. Raba za kukimbilia Coco Beach hapana.

Mazoezi: Dar ni tambarare, kwa hiyo tafuteni ngazi. Jengo la ghorofa kumi, panda na kushuka, mara tatu kwa wiki, kwa mwezi mzima. Jumapili nendeni msitu wa Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, ni karibu na kuna vilima vya kuamsha mapaja. Shemeji akishuka ngazi bila magoti kulalamika, yuko tayari.

Mtoto wa miaka 9, kwa Lupanga, hapana. Siyo kwamba hawezi kupanda, watoto wanapanda kutushinda. Ni kwamba akichoka pale kwenye mizizi hakuna namna ya kumbeba mgongoni ukabaki na mikono ya kushikia. Yeye mpelekeni Morningside, kwenye miteremko hiyo hiyo ya Uluguru juu ya mji, penye lile jengo la enzi za Wajerumani. Njia ni pana, mnapita vijito na mashamba, mandhari ya mji yako wazi, na mchana mnakuwa mmerudi. Hata shemeji kama ndio mara yake ya kwanza, ningeanzia hapo Jumamosi moja, halafu Lupanga mwakani mwezi wa saba.