Jibu: Nimepata zamu kwenye wodi ya vijana wagonjwa wa akili, ile ya mlango kufungwa muda wote, Uingereza. Nianze kwa ukali?

Mkuu, usithubutu. Salamu nimeziruka, maana nilipofika pale ulipoandika "nimeshauriwa niingie nimekunja ndita siku ya kwanza wasinizoee", kidole gumba changu kilianza kuuma chenyewe.

Na mimi nilishauriwa hivyohivyo, na Mbongo mwenzetu, mkongwe wa kubeba boksi: "Wale watoto ukicheka nao utavuna mabua." Ana miaka sita kwenye wodi hizo, nikamwamini kama shehe. Baadaye nikagundua miaka yote sita alikuwa zamu ya usiku. Amelinda korido ya watu wanaokoroma, halafu anatufundisha kuishi na nyani! Na wale si nyani, ni watoto wa watu.

Sikia sasa. Jumamosi, zamu yangu ya tatu, hospitali siitaji. Vijana wa miaka 13 hadi 17, wengi wamewekwa kwa Sheria ya Afya ya Akili ya 1983, yaani mlango haufunguki kwa kutaka wao. Viti vimejazwa mchanga visirushwe. Makabidhiano ya zamu nilisikiliza nusu, nusu nyingine nilikuwa natafuta birika la chai liko wapi. Katika nusu niliyoikosa walisema kuna binti ambaye ruhusa yake ya kutoka na mama yake imefutwa, kisa hakuna mhudumu wa kumsindikiza.

Saa moja jioni akanifuata mlangoni mwa ofisi. Amevaa koti, zipu mpaka shingoni, ndani ya wodi yenye joto la tanuri. Mwenye macho angeuliza koti la nini. Akaomba simu ampigie mama yake. Mimi wima, mikono kifuani, ndita zipo: "Hapana." Kwa nini? Nikajibu, Mungu anisamehe, "Kwa sababu nimesema."

Akapiga mlango teke. Nikamshika mkono. Kumbe sebule nzima ilikuwa inatutazama. Kijana mkimya aliyekuwa anacheza karata na nesi akazitupa akaanza kugonga kichwa ukutani, mwingine akapiga kengele ya moto, na wawili ambao hata hawapatani na yule binti wakaja kumtetea. Wakaja wahudumu wa wodi za jirani, binti akalazwa chini, watu wazima wanne juu ya mtoto mmoja. Miongozo ya NICE, taasisi ya Uingereza inayoelekeza namna ya kutibu, inasema kushika kusizidi dakika 10 kwa kawaida. Sisi zilikuwa saba, kila moja ndefu kama foleni ya Mbagala.

Kidole changu kiliteguka, sawa. Yeye alipoteza ruhusa za wiki mbili zilizofuata. Halafu fomu: kuna sheria ya 2018, iliyotokana na kifo cha Olaseni Lewis aliyeshikwa na polisi hospitalini London mwaka 2010, inayotaka matumizi ya nguvu yawekwe kwenye kumbukumbu. Penye "nini kilitangulia" nikaandika: aliomba simu. Nesi mkuu akasoma mara mbili, akaniangalia, akanyamaza. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo shika hili moja tu: hapana yako iwe na sababu na iwe na saa, na uitamke umekaa, pembeni, si mbele ya hadhira. Sijalitunga mimi. Safewards, mfumo wa kupunguza vurugu wodini wa Len Bowers, mtafiti wa uuguzi wa akili, na wenzake, unafundisha kulainisha habari mbaya na kusema kwa maneno ya upole. Walipoujaribu kwenye wodi 31 za watu wazima England, vurugu zilipungua kwa 15% na hatua za kudhibiti (kushika, kufungia na kadhalika) kwa 26.4%. Kuna na dodoso la kupima hali ya wodi, EssenCES (nilidhani ni manukato), linalouliza hata kama wagonjwa wanajaliana. Jumamosi ile nililipata jibu bila dodoso.

Miezi miwili baadaye binti yuleyule akaomba simu tena. Nikakaa kwenye kiti cha mchanga: "Mwenzio anaongea na baba yake. Saa mbili na robo nakuletea mwenyewe." Saa mbili na dakika kumi na nne alikuwa amesimama chini ya saa ya ukutani, ananitazama. Nilikimbia, mkuu, na kitambi hiki.

Uliuliza na malipo, na kozi, na nini kingine? Wengine watakujibu. Sare kwetu hazikuwepo.