Hana

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Nani alikuambia kwamba una thamani, na ulimwamini lini?" Nilisoma swali hilo nikiwa kwenye cherehani, nikaacha gauni la mteja nusu. Jibu langu ninalo, na siku yenyewe naikumbuka.

Naishi Moshi. Nashona magauni ya vitenge na sare za kwaya. Nimeolewa miaka 21 na sijazaa. Kwetu mwanamke akishaolewa, jina lake huanza kuwekwa kando. Akijifungua anakuwa Mama Neema au Mama Baraka, na hilo ndilo analoitwa dukani, kwenye vikoba na msibani. Ni heshima, wala siidharau. Lakini mwaka wa tano ukipita, wa sita ukipita, watu hawajui tena wakuite nani.

Mwaka wa nane nilikwenda soko la Mbuyuni kununua ndizi, nimefuatana na jirani yangu. Muuzaji, mama mmoja mchangamfu, akaniuliza kwa wema kabisa, "Karibu mwenzangu, wewe ni mama nani?" Kabla sijafungua mdomo, jirani akanijibia: "Huyu hana."

Hakukusudia ubaya. Alitaka kunisitiri nisijieleze mbele za watu. Lakini neno lile nilirudi nalo nyumbani. Alimaanisha hana mtoto. Mimi nikasikia limeishia hapohapo. Hana. Kama mfuko uliokung'utwa.

Nilitegemea kanisani nitapumzika. Jumapili ya kina mama ikafika, kina mama wote wakaombwa wasimame waombewe. Waliobaki wamekaa ni wanaume, wasichana, na mimi. Karibu yangu alikuwapo bibi mmoja aliyezika watoto wake wote. Alisimama nusu, akakaa, akasimama tena. Nawaomba wachungaji mnaosoma gazeti hili mlifikirie jambo hilo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema takriban mtu mzima mmoja kati ya sita hukutana na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Hesabuni watu wa benchi moja tu la ibada ya kwanza.

Nilihangaika pia kwa watumishi wa mafuta ya upako. Mmoja aliniambia nipande mbegu ya fedha ili tumbo lifunguke. Nilipanda. Mwezi uliofuata akaniambia imani yangu ni haba. Sitamtaja, ila kama kuna dada anayesoma hapa akiwa na bahasha mkononi, namsihi airudishe mkobani.

Mume wangu hakunitupa. Alisimama mbele ya dada zake akawaambia wasiniguse. Hata hivyo usiku niliendelea kulia, na nilijiona mkosefu wa shukrani, mpaka Alhamisi ile. Tulikuwa tumetoka mazoezi ya kwaya, umeme umekatika, nikafungua Biblia kwa tochi ya simu. Ikawa 1 Samweli 1, habari za Hana, mke aliyekosa mtoto.

Nilikuwa nimesikia mahubiri juu ya Hana pengine mara ishirini, na kila mara yaliishia kwa Samweli, mwana aliyempata: omba, lia, utapata mtoto. Usiku ule nilisoma polepole. Kwanza nikakutana na Elkana, mumewe, akimwuliza, "Je! Mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?" Nikashtuka, kwa sababu mume wangu aliwahi kuniambia karibu maneno hayohayo. Na Hana, pamoja na kupendwa hivyo, aliinuka akaenda hekaluni. Kumbe kuna swali ambalo hata mume mwema hawezi kumjibia mkewe. Kulia kwangu hakukuwa kumdharau.

Kisha nikafika mstari wa 18. Baada ya kumimina moyo wake mbele za Bwana, Hana "akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena." Nikarudia. Mimba inatajwa baadaye, mstari wa 20. Uso ulikunjuka kabla. Mtu ataniambia kuhani Eli alikuwa amemtabiria mtoto. Someni vizuri: Eli alidhani amelewa, na alipombariki hakujua hata aliombalo ni nini. Hana aliondoka pale mikono mitupu. Alichokuwa nacho ni kwamba Mungu amemsikia, na hicho kilimtosha kurudi mezani akala. Anayejua huzuni hii anajua kwamba kula ni habari kubwa.

Na jina lake! Sisi tunaosoma kwa Kiswahili hatuwezi kulikwepa. Sikio letu linasikia kile alichonijibia jirani yangu sokoni. Lakini kwa Kiebrania, mwinjilisti wetu alinieleza baadaye, Hana maana yake ni neema. Neno ambalo kwangu lilikuwa tangazo la upungufu, kwa wazazi waliompa lilikuwa tangazo la kupewa.

Ndipo nikakumbuka kwamba na mimi nina jina. Naitwa Aikaeli. Machame, alikozaliwa bibi yangu, wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika mwaka 1893, na majina yetu mengi yana alama ya kukutana kule: neno la nyumbani limeunganishwa na Eli, si yule kuhani, bali Mungu wa Biblia. Aika kwa Kichagga ni asante. Aikaeli: asante, Mungu. Bibi alinipa jina hilo nikiwa sijatembea, sijashona pindo hata moja, sijazaa wala kushindwa kuzaa. Nikabatizwa nalo. Nilikuwa tayari sababu ya mtu kumshukuru Mungu, na sikuwa nimefanya lolote.

Nikafungua Isaya 43: "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Nikaendelea mpaka sura ya 56, ambako Bwana anasema towashi asiseme, "Mimi ni mti mkavu," na anawaahidi watu wasioweza kuzaa jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Sikujua kama andiko hilo lipo. Miaka yote ya kipaimara, kwaya na jumuiya, hakuna aliyenisomea. Hiyo ndiyo siku niliyoamini.

Mtoto sikupata. Zipo siku namkatia mtoto wa mtu gauni la ubatizo na mkono unakuwa mzito. Ila nakiombea chakula changu, nakula.

Mwaka juzi jirani yuleyule alijifungua kitinda mimba, akaja kuniomba niwe mama wa ubatizo. Tulikwenda pamoja ofisi ya usharika kuandikisha. Karani, kijana mgeni, akashika kalamu akauliza, "Na mama wa ubatizo, ni mama nani?" Nilimwona jirani yangu akivuta pumzi.

"Andika Aikaeli," nikasema.

Akaandika.